Wanapotea kwenye kipimo cha tano

SWALI: Ndugu wahariri, nafundisha vijana wa sekondari historia ya muziki wa Marekani. Kwenye bluzi ya vipimo 12 (kila kipimo ni mapigo manne) wanapotea kila mara, na rokenroli kwao ni kitu kilekile. Nifanyeje? – Mwalimu, Bagamoyo

JIBU: Mwalimu, aghalabu wanapotea kwenye kipimo cha tano, maana ndipo kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inapobadilika kwa mara ya kwanza. Weka gitaa kando. Wahesabu kwa sauti, moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, hadi kipimo cha 12, makofi yakiangukia pigo la 2 na la 4. Yakihamia pigo la 1, simamisha, anzeni upya. Wakishazoea, leta kordi: A vipimo 4, D 2, A 2, E 1, D 1, A 2.

Kisha wasikilize “Hound Dog” ya Big Mama Thornton, aliyoirekodi 1952, halafu ya Elvis Presley, 1956. Ya pili inakimbia, ngoma zikirindima. Usiruke historia hapa: Thornton, mwanamke Mweusi, alitangulia, lakini umaarufu mkubwa zaidi ulimwendea Elvis. Waulize kwa nini, na uwape muda wa kujibu.