Kazi imekwisha, malipo hayajaja: majibu kwa wasusi na wapambaji

Safari hii barua zenu zimenigusa, maana karibu zote zinatoka kwa watu walioinama saa nzima juu ya kichwa au mkono wa mtu, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nilisuka miaka mingi kabla ya kufungua saluni yangu, na ninachokiona katika barua hizi ni aibu. Tunaona haya kutaja bei mteja anapoingia, na haya hiyo ndiyo inayozaa deni anapotoka.

*Ninasuka nyumbani. Mteja alikaa saa saba nikimsuka rasta ndogo ndogo. Alipomaliza kujitazama kwenye kioo akasema pochi ameisahau, atatuma jioni. Sasa ni wiki ya tatu. Nimwandikie nini asione kama nina njaa?*

Kwanza, mwenzangu, liondoe hilo neno njaa. Anayedai ujira wa saa saba haombi sadaka. Ujumbe wako uwe na mambo matatu tu: kazi na tarehe yake, kiasi, na siku ya mwisho ya kulipa. Kwa mfano: "Habari dada. Tarehe 4 nilikusuka rasta kwa bei tuliyokubaliana. Malipo hayajanifikia. Naomba uyakamilishe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni." Taja na kiasi, kisha koma hapo. Usianze na "samahani kwa kukusumbua", wala usimweleze kwamba mtoto anaumwa au kodi ya nyumba imefika. Ukitaja shida zako, malipo yanageuka msaada, na msaada mtu hutoa akijisikia.

Ijumaa ikipita kimya, mpigie mchana, si usiku, uongee kwa sauti ile ile uliyomkaribishia. Akisema hana zote, mkubali alipe mara mbili, lakini kila sehemu iwe na tarehe yake, na makubaliano hayo ayaandike yeye mwenyewe kwa ujumbe. Ujumbe huo ndio ushahidi wako mkija kufika mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimewaona wasusi hodari wasiokumbuka nani anadaiwa nini, kwa sababu kila kitu kiko kichwani.

Kwa mteja wa kesho, taja bei kabla chanuo halijagusa nywele. Kazi ya saa nyingi ichukulie kianzio kinachotosha kulipia nywele za kuongezea na kufidia muda ulioufunga kwa ajili yake. Salio lidai ukiwa umebakiza kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Hapo mteja bado amekaa, simu iko mkononi, na anaitaka kazi imalizike. Ukimwambia mapema kwamba huo ndio utaratibu wako kwa kila mtu, hakuna atakayeona umemdharau.

*Wifi yangu huja kila baada ya wiki tatu kujaziwa kope. Hajawahi kulipa. Nikigusia anasema, "Kwani sisi si ndugu?" Mume wangu ananiambia nivumilie.*

Kope za kubandika hukaa juu ya kope za asili, na za asili huanguka zenyewe na kuota nyingine. Ndiyo maana mapengo huonekana baada ya wiki 2 au 3, na ndiyo maana wifi yako atarudi mwaka mzima. Si zawadi ya mara moja hiyo, ni kazi isiyo na mwisho, na gundi na kope unanunua wewe. Mtafute siku ambayo hakuja kujaza, mkiwa wawili, umwambie: "Wifi, siku yako ya kuzaliwa kope ni zawadi yangu. Siku nyingine nitakupunguzia, lakini vifaa lazima virudi." Mume wako mwonyeshe kwa maandishi vifaa vya miezi mitatu vimekula kiasi gani. Huenda anafikiri unatoa muda tu.

*Mteja aligoma kulipa kucha za jeli. Nikamshika mkono nizibandue. Mwenzangu akanizuia. Je, nilikosea?*

Ulikosea, dada, na mwenzako amekuokoa. Mwili ni wa mteja hata kama kazi ni yako. Ukimshika kwa nguvu, kisheria unaweza kuhesabiwa kuwa umemshambulia, na hapo wewe uliyedhulumiwa ndiye utakayeitwa mkosaji. Kufunga mlango ili asitoke, au kuzuia simu na mkoba wake, ni hatari ile ile.

Halafu fikiria madhara yenyewe. Jeli huondolewa kwa kukwaruzwa juu taratibu na kulowekwa kwa asetoni hadi ilainike. Ikibanduliwa kavu hutoka na tabaka za kucha ya asili, na kucha hiyo itabaki nyembamba na yenye maumivu mpaka iote upya, jambo linalochukua miezi. Kope ukizivuta, unang'oa na zile alizozaliwa nazo. Hakuna bei ya huduma inayolingana na hayo.

Mteja akigoma mbele yako, mwombe kwa utulivu aandike hapo hapo ujumbe wa kukiri deni na siku atakayolipa. Akikataa hata hilo, andika jina, namba, saa na kazi uliyofanya, na aliyeshuhudia aandike alichoona. Kisha mwache aende.

*Nilimpaka mteja rangi ya nywele. Ikatoka nyeusi kuliko picha aliyoleta. Amekataa kulipa hata kidogo. Ana haki?*

Hapa nakusihi usimweke fungu moja na wale wa juu. Mimi mwenyewe liliwahi kunipata. Mama mmoja alikuja na picha ya rangi ya asali, nikapaka, ikatoka kahawia ya giza. Kumbe alikuwa amejipaka nyeusi nyumbani miezi michache nyuma, na rangi mpya haiwezi kuing'arisha rangi ya zamani iliyo ndani ya nywele. Hiyo lazima iondolewe kwanza. Mimi sikumuuliza. Nilimdai malipo yote, akalipa huku machozi yanamlengalenga, na mpaka leo naamini pesa ile haikuwa halali yangu yote.

Basi jiulize kwa haki: uliuliza historia ya nywele zake? Ulimwambia picha ile haitafikiwa kwa siku moja? Kama hukumwambia, mrekebishie bila malipo ya ziada, au upunguze bei. Kama ulimweleza akakubali, bei inabaki, na unaweza kumpa nafasi ya kurudi ndani ya siku chache kurekebishiwa. Usimwache tu na neno "ndivyo rangi ilivyo".

Nikuongezee moja. Rangi za kudumu hujaribiwa kwenye ngozi, nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, saa 48 kabla ya kupaka, ili kujua kama mteja ana mzio. Siku hiyo ya jaribio mnaangalia nywele pamoja, mnakubaliana matarajio, na kianzio unakipokea. Anayekuja jaribio na kulipa kianzio ni nadra kukukimbia.

*Bibi harusi alilipa nusu. Salio alisema litatoka kwenye zawadi baada ya sherehe. Mpaka leo dada yake ananielekeza kwa kaka, kaka kwa mama.*

Kukopa harusi, kulipa matanga. Baada ya sherehe kila mwenye mfuko amechoka na kila mmoja anaamini mwingine alishalipa. Mdai yule mmoja aliyekupa kazi, kwa maandishi, na uwakatae wengine wote kwa heshima. Harusi ijayo, andika jina la mlipaji, idadi ya nyuso utakazopamba, nauli, na kwamba salio linakamilika siku 7 kabla. Wasimamizi wanaoongezeka asubuhi ile walipe kabla ya kukaa kitini. Lakini kama hukuweka masharti mapema, usimtishie bibi harusi kumwacha nusu uso. Maliza kazi yako, deni mtaliongea.

*Niweke picha ya mdaiwa mtandaoni?*

Hapana. Unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina au kuingilia faragha yake, na wateja wema watajiuliza siku wakikwama utawafanyia nini.

*Mteja alinionyesha ujumbe wa muamala kwenye simu yake, nikamwachia. Pesa haikuingia.*

Usitazame simu ya mteja. Tazama salio lako mwenyewe, na risiti uitoe baada ya hapo.

*Nimeajiriwa saluni. Mteja akitoroka bila kulipa, bosi anakata kwenye mshahara wangu. Ni sawa?*

Hili limeniumiza kuliko yote. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Bosi hawezi kujiamulia tu. Muulize kwa maandishi anakata kwa kifungu gani, weka nakala, na ukikosa jibu nenda ofisi ya kazi. Ikiwa umekodi kiti na unajilipa mwenyewe, hapo wewe ni mfanyabiashara na deni ni lako kulifuata. Katika nchi nyingi kuna mahakama za madai madogo ambako mtu husimama bila wakili. Nenda na daftari, ujumbe na picha za kazi, na kabla ya kufungua dai mpe mdaiwa barua ya mwisho yenye tarehe. Akija na nusu mkononi kabla ya siku ya kesi, hesabu siku utakazofunga kazi ukimfuata, kisha uamue kama utaipokea.