Nenda makumbusho, mshono utakusubiri

Dada, umeuliza kama siku ya makumbusho kwenye kambi ya kushona mifarishi, yaani matandiko ya vitambaa yenye pamba katikati, huko Paducah, Kentucky, itakupotezea muda wa kushona. Hapana, nenda! Makumbusho ya Taifa ya Mifarishi yako hapo hapo mjini tangu 1991, na picha za simu hazikuandai hata kidogo kwa utakachokiona.

Usikimbilie rangi. Simama pembeni mwa mfarishi, mwanga ukiupiga kwa ubavu, uone jinsi bandi, ule mshono unaoshika tabaka zote, inavyobonyeza pamba na kitambaa kikainuka vilima vidogo vidogo. Mimi nilikaa mbele ya mmoja mpaka miguu ikaniuma, nikihesabu mishono. Kugusa ni marufuku, maana mafuta ya vidole huharibu nyuzi. Ukimwona mhudumu mwenye glavu nyeupe, mwombe kwa adabu akufunulie upande wa bitana. Huko nyuma ndiko mkono wa mshonaji unakoonekana.

Jioni za kushona pamoja kambini nazo usizikose, hata ukiwa mgeni kabisa. Tangu zamani wanawake wa Marekani walizunguka fremu moja ya kutandazia mfarishi wakamaliza pamoja kazi ambayo peke yako ingekuchukua wiki nyingi. Kule Alabama, mwaka 1966, wanawake weusi waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao na kujipatia kipato. Beba kastabini yako na kipande ambacho hakijaisha. Mtu atakuuliza tu unashona nini, na mazungumzo yameanza.