Jibu: Nahudhuria semina, narudi bila kufahamiana na mtu

Habari dada. Umesema ni mhasibu, umehamia Tanga miezi minne iliyopita, na kila semina ya wanawake wa biashara unakaa nyuma kimya, unarudi Chumbageni bila namba hata moja.

Angalia kwanza saa unayofika. Mimi pia si msemaji. Nilikuwa naingia watu wameshakaa kimakundi, nabaki nimeshika chupa ya maji. Siku hizi nafika nusu saa kabla. Unakuta wawili watatu wanapanga viti, unawasaidia, maongezi yanakuja yenyewe. Mteja wangu wa kwanza, mama mwenye duka la vitambaa Ngamiani, nilimpata tukifunga bango. Kamba ya upande wake ilikatika, nikampa mtandio wangu tukafungia.

Halafu lenga watu wawili tu. Kesho yake asubuhi watumie ujumbe WhatsApp, ukitaja jambo mliloongea. Hapo wakimya tuna nguvu, maana tunasikiliza na tunakumbuka. Mdogo wangu ni mchangamfu, hutoka na namba 20, wiki ikiisha hajui nani ni nani. Yeye nilimwambia aandike kazi ya mtu pembeni ya jina, palepale.

Na usiwadharau unaojuana nao juu juu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na hao, kwa kuwa marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe.

Kujitambulisha kwenye kipaza sauti bado kunanishinda. Hilo naomba wenzangu wamjibu dada.