Vaa huo utepe

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Malindi hatujambo. Kusi limeanza na samaki wamepanda bei, lakini hayo utayakuta ukija.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Unasema ulipewa nishani ya Umoja wa Mataifa kule Kongo, kwenye gwaride, mbele ya kikosi kizima, na tangu urudi hujaitoa kwenye kiboksi chake. Kazi yako ilikuwa kuendesha boza la maji. Wenzako mliojiunga nao siku moja wako msitu wa Boni, wanapita barabara zilizotegwa mabomu, wala hawana utepe wa ng'ambo kwa sababu Boni ni Lamu, na Lamu ni nyumbani. Ndipo ukaniuliza: ni haki kweli kuvaa kifuani kitu ulichopewa kwa kukaa tu mahali?

Vaa, mwanangu. Na nitakwambia kwa nini, maana nimeishi na tepe hizi kabla wewe hujazaliwa.

Nishani yako haikusema hata mara moja kwamba wewe ni shujaa. Umoja wa Mataifa ukitaka kumsifu mtu kwa ushujaa unayo nishani nyingine kabisa, ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 mpaka na yeye akauawa. Yako inahesabu siku. Mwanajeshi akitimiza siku 90 katika misheni, amestahili, awe mpishi au kanali. Nishani ni ile ile: mbele nembo ya Umoja wa Mataifa, nyuma maneno ya kusema ulitumikia amani. Kinachobadilika ni utepe tu, kila misheni na rangi zake. Binamu yako aliyejiunga na jeshi la Marekani alinionyesha wake wa kutumikia ng'ambo. Wao waliuanzisha mwaka 1981, na hauna hata nishani ya kuning'inia. Ni kipande cha utepe peke yake, na mtu huupata kwa kumaliza muda aliopangiwa nje ya nchi. Nao wanauvaa bila haya.

Marehemu baba yako alikuwa na mbili, na wewe umeziona. Ile yenye rangi ya mchanga ni ya Namibia. Mwaka 1989 Kenya ilipeleka kikosi kule pamoja na Wafini na Wamalaysia, na naibu kamanda wa jeshi lote la misheni alikuwa Mkenya mwenzetu, Daniel Opande. Walikwenda kusimamia nchi itoke mikononi mwa Afrika Kusini. Watu wakapiga kura mwezi wa Novemba, na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Baba yako alifanya nini humo? Alitengeneza magari. Alilala chini ya Land Rover mchana kutwa, mchanga machoni, ili magari ya doria yatoke asubuhi. Sikumsikia hata siku moja akisema yeye aliikomboa Namibia, wala sikumsikia akisema hakufanya kitu.

Ile nyingine, yenye mstari mwekundu katikati, ni ya Yugoslavia. Wakenya waliwekwa kusini mwa Kroatia, upande wa Knin, na huo wekundu ni alama ya maeneo yaliyokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Dada yako alizaliwa baba yenu akiwa huko. Alitambaa, akaota meno, akasimama dede, baba hajamwona ila kwa picha moja niliyotuma kwa posta, na sikujua kama ilifika mpaka jibu liliporudi wakati mtoto ameshaanza kutembea. Simu ilikuwa ya kibanda, na foleni yake unaijua kwa kusimuliwa. Redio ikitaja kwamba askari wa Umoja wa Mataifa wameuawa, jirani zangu walikuwa wanaipunguza sauti nikipita. Mchele ukaisha, paa la makuti likavuja, nyanya yako akaugua. Yote hayo niliyapitia na mjomba wako, Mungu amlipe. Baba yenu aliporudi, dada yako alimkimbia akajificha nyuma ya leso yangu. Ilichukua siku nyingi kabla hajakubali kubebwa.

Kwa hiyo ninapouona ule mstari mwekundu siwazi bunduki. Ninajua ni muda gani huo, nani hakuwepo, na nani alibaki akishika nyumba. Wewe ukisema yako ni ya kukaa tu, unasema na sisi huku tulikaa tu. Mimi sikukaa tu ulipokuwa Beni, huko Kongo. Tangu 1997 ipo nishani nyingine ya Umoja wa Mataifa, ya Dag Hammarskjöld, ambayo askari mwenyewe haioni: anapewa mzazi au mjane wake. Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa kila simu ilipolia usiku. Na boza la maji kwenye barabara ile lingeweza kuniletea kama lori jingine lolote.

Kuhusu wenzako wa Boni, hilo una haki ya kuumia nalo, na mimi naumia pia. Huku pwani tunawaona wakipita kwenye malori kwenda Mokowe, tunaona na wanavyorudishwa. Wanastahili heshima ya nchi yao, tena kwa sauti. Lakini ukiificha yako kabatini wao hawaongezewi chochote. Vaa yako, na ukiulizwa, wataje wao.

Kuna la babu yako pia, ambalo sijawahi kukueleza lote. Yeye alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, akaenda Bama, Myanmar ya leo, mwaka 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule, matope na malaria, mpaka mto Chindwin. Alipata nyota ya Bama, ile nishani ya pembe sita. Utepe wake ni buluu iliyoiva, mwekundu katikati, na rangi ya chungwa pembeni mwa huo mwekundu, ndani ya buluu. Mama yake mzazi hakutaka ikae nyumbani. Alikuwa msichana mwaka 1914, serikali ilipotaka vijana wa Kigiriama wawe wapagazi wa vita vya Wazungu, watu wakagoma, na Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Mekatilili, yule mama aliyewaongoza Wagiriama, alishahamishwa mbali kwa kuwaambia watu wasitoe watoto wao. Sasa miaka kama 30 baadaye mwanawe anamletea kipande cha chuma cha mfalme wa Waingereza wale wale! Mimi simlaumu hata kidogo. Babu naye hakubishana naye. Aliipeleka kwa shangazi ikakaa huko, na siku za sherehe alikwenda kuivaa huko huko. Alisema chuma ni cha mfalme, lakini wenzake waliozikwa Bama ni wake.

Tatizo likaja baadaye. Walikwenda ndugu wawili, babu na mdogo wake. Nyota iliyobaki ni moja, na nyuma haina jina lililochongwa. Wote wawili wamefariki, shangazi amefariki, na leo watoto wa upande ule wanasema ni ya baba yao, sisi tunasema ni ya babu, na hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake ushahidi. Sitaki ugomvi huo uwafikie wanao.

Basi nakuomba mambo mawili. Harusi ya dada yako ukija na sare, njoo na utepe wako mahali pake. Nataka yeye auone karibu na picha ya baba yenu. Na kabla ya hapo chukua karatasi, uandike jina lako kamili na namba yako ya jeshi, misheni, kambi mliyokaa, tarehe uliyoondoka na uliyorudi. Andika na boza la maji, na barabara ulizokuwa ukipita, na vijiji ulivyopelekea maji kama vilikuwepo. Piga picha unitumie kwenye simu, halafu karatasi yenyewe uikunje uiweke ndani ya kiboksi, chini ya nishani. Za baba yako nimeshaziandika mimi.

Mama yako