Kwa nini mwanamume wa kwenye mchoro avishwe gauni kwa lazima?

SWALI: Ndugu mtaalamu, naandika tasnifu kuhusu vibonzo vya fetishi (yaani matamanio ya kimapenzi yanayoelekezwa kwenye kitu au vazi) vya Marekani vya miaka ya 1950, vile vilivyochorwa kwa ajili ya watu wazima. Kila mara nakutana na kisa kilekile: wanawake wanamshika mwanamume mzima, wanamvisha koseti (vazi la kubana kiuno), soksi ndefu na viatu vya mchuchumio, naye anapinga. Msimamizi wangu anasema hiyo ni adhabu tu. Mimi naona kuna zaidi. Kisa hiki kimetoka wapi, na ile shuruti ina kazi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, shikilia hapohapo. Katika michoro hii shuruti ni kibali. Mhusika analitamani gauni, lakini akilivaa kwa mkono wake atakuwa amekiri. Akifungwa mikono na kuvishwa na wengine, anapata alichokitaka na lawama inabaki kwao. Kamba ndiyo utetezi wake, na ni utetezi wa msomaji pia.

Jaribu kuangalia wino wa mchoraji umeishia wapi. Kama jambo lenyewe lingekuwa adhabu, ufundi ungeelekezwa kwenye machozi na maumivu. Badala yake utaona vitundu vya koseti vimechorwa kimoja kimoja, mng'ao wa satini umewekewa mistari myembamba, kisigino kimenyooshwa kama sindano. Kisha tafuta kioo. Hadithi nyingi za aina hii zina picha ambapo mwanamume anasimamishwa mbele ya kioo ajitazame. Hapo maneno ya kupinga hupungua. Mimi huanza kusoma kutoka picha hiyo, halafu narudi nyuma.

Asili yake ni ya kale mno. Wagiriki walisimulia kwamba Hercules aliuzwa utumwani kwa Omphale, malkia wa Lidia, awe mtumishi wake ili alipie damu aliyoimwaga. Waandishi wa baadaye walimwonyesha akiwa amevaa mavazi ya kike akisokota sufu, huku malkia amejitwika ngozi ya simba na kushika rungu lake. Lucas Cranach, mchoraji wa Ujerumani, alikichora kisa hicho zaidi ya mara moja katika miaka ya 1530: wanawake wamemzunguka shujaa, wanamfunga kitambaa cheupe kichwani. Hakuna aliyemfunga mikono. Mtu anayesifika kwa kuua simba angeweza kuinuka wakati wowote, na hainuki. Wachoraji Rubens na Boucher nao walikirudia kisa hicho, kila mmoja kwa namna yake.

Sura ya kisasa ilipitia kwenye barua za wasomaji. Magazeti ya Uingereza ya kati ya vita viwili vya dunia yalichapa barua kuhusu koseti na visigino virefu, na mchoraji na mhariri John Willie alizipa barua za namna hiyo nafasi kubwa katika jarida lake la Bizarre, lililotoka kati ya 1946 na 1959. Kisha wakaja wachoraji Eric Stanton na Gene Bilbrew, waliochora kwa ajili ya Irving Klaw, mfanyabiashara wa New York aliyeuza picha kwa njia ya posta.

Na hapa sheria inaingia, jambo ambalo tasnifu nyingi hulipita haraka. Klaw aliepuka picha za uchi kwa kuogopa mashtaka, na bado mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Mwili usipoonyeshwa, vazi hubeba mzigo wote wa matamanio. Ndiyo maana gauni halivuliwi katika hadithi hizi, linavishwa. Mwaka 1966, katika kesi ya Mishkin, aliyeshtakiwa kwa vitabu vya aina hii, upande wa utetezi ulidai kwamba vitabu hivyo humchukiza mtu wa kawaida badala ya kumsisimua. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa, ikasema inatosha kwamba vinawasisimua wale waliokusudiwa.

Daktari wa akili Robert Stoller alikaribia hoja yako miaka ya 1970: alisema njozi ya namna hii huchukua fedheha ya zamani na kuigeuza ushindi. Nakubaliana naye kwa sehemu. Asichokigusa vya kutosha ni kwa nini vazi la mwanamke liwe fedheha hata kidogo. Mchoro unakopa dharau ambayo jamii tayari inayo kwa wanawake. Lakini wanawake wa Stanton ni wakubwa, wana misuli, ndio wanaoamua. Dharau na kicho vimekaa kwenye ukurasa mmoja, na tasnifu yako isikifute kimoja ili kukinusuru kingine.

Usichanganye pia njozi na maisha. Ukatili wa kweli hauna kibali, na watu waliobadili jinsia hawakulazimishwa na mtu. Hata wanaume waliopenda mavazi ya kike walitofautiana: jarida la Transvestia la Virginia Prince, lililoanza 1960, lilitaka vazi hilo liheshimiwe nje ya fetishi.

Kuhusu utambuzi wa kazi zisizo na jina kamili: ukikuta saini "Eneg", isome kutoka nyuma. Ni Gene Bilbrew.