Nyumba ya kale iliyo tupu: izibe, lakini ipumue

Pole kwa kukuta mlango wa nyumba ya babu yenu umeng'olewa na kuta zimechorwa. Kabla ya kuziba chochote, piga picha kila chumba. Vitasa na komeo za zamani vifungue ukavihifadhi kwingine. Chochote kikiibwa, picha ndizo zitakazokusaidia polisi.

Madirisha yazibe kwa plaiwudi nene, ila usipigilie misumari kwenye fremu, maana utaziumiza kuliko hao wavamizi waliong'oa mlango. Ubao ukae nje, boriti ndani, uvibane kwa bolti ndefu zinazopita kwenye uwazi wa dirisha, nati zikiwa upande wa ndani. Toboa matundu ya hewa, uyafunike kwa wavu. Nyumba iliyofungwa kabisa hukusanya unyevu, na unyevu huozesha mbao kimyakimya.

Fyeka majani. Kibao cha "Hakuna kuingia" weka, ingawa peke yake ni pambo tu. Afadhali jirani mwaminifu apewe ufunguo na posho, apite kwa saa zisizotabirika.

Michoro isafishwe mapema, kabla haijaalika mingine. Mashine ya maji ya shinikizo usiikaribishe, inabandua plasta ya chokaa.