Milioni moja na moja: ni tasa ama si tasa?

SWALI: Mwalimu salamu. Kijana wangu wa S2 (sekondari mwaka wa pili) amekuja na nambari 1,000,001 anataka kujua kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, tumejaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13 kwa kalkuleta ya simu, zote zinaacha baki, nikamwambia basi ni tasa andika hivyo tulale. Ni kweli? Na tukiongeza sifuri moja iwe 10,000,001 inakuwaje? (Baba wa mwanafunzi, Arua)

JIBU: Salamu mzee wangu, na asante sana kwa kukaa na kijana, wazazi wengi wanasema tu enda uliza titcha. Lakini si tasa, asiandike hivyo. Mliishia 13, hapo ni tasa sita tu mmejaribu, na inayoigawanya ni 101 ambayo ni tasa ya 26. Kisheria unatakiwa uendelee mpaka kipeuo cha pili cha nambari yenyewe (ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata nambari hiyo), hapa ni kama 1,000, na chini ya 1,000 kuna tasa 168, sasa hiyo kwa kalkuleta ya simu mtakesha.

Ila angalieni sifuri zake. Milioni ni 100 × 100 × 100, na 1 ni 1 × 1 × 1, na ukijumlisha a³ na b³ jibu lazima ligawanyike kwa a + b, kwa hiyo 100 + 1 inaingia tu, haina ubishi: 101 × 9,901. Kijana akitaka kuhakikisha kwa kalamu, akate tarakimu mbilimbili kuanzia kulia, anapata 01, 00, 00, 1, alafu ajumlishe, atoe, ajumlishe, atoe: 1 − 0 + 0 − 1 = 0. Ikitoka sifuri 101 inaingia. Na hiyo 9,901 ni tasa kabisa, jaribuni zote mpaka 97 muone.

Kitu ninachokipenda zaidi kwa nambari hii ni kwamba ni 1000² + 1², na tena ni 980² + 199², pigeni wenyewe: 960,400 + 39,601. Leonhard Euler, yule Mswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba nambari ikiandikika kwa njia mbili hivyo haiwezi kuwa tasa. Na yeye mwenyewe alikuwa ameiweka 1,000,009 kwenye orodha ya tasa, baadaye akaona 1000² + 3² ni sawa na 972² + 235², akaivunja ikatoka 293 × 3,413. Kumbe hata Euler! Tasa ya kwanza ukishapita milioni ni 1,000,003.

Kwa 10,000,001 mbinu ya 100 inakataa, lakini hapo 10 imejizidisha mara saba, na saba ni witiri (haigawanyiki kwa 2) kama ile tatu ya a³ na b³, basi 10 + 1 inaingia. Ni 11 × 909,091, na hiyo 909,091 ndiyo tasa.